Vidole Viwili vya Django Reinhardt

Kila mwaka kijarida chetu cha harambee hutenga kurasa chache kwa maisha ya mtu mmoja aliyetangulia mbele ya haki. Kwa kawaida huwa ni mtu wa kwetu: mwalimu aliyefungua shule chini ya mti, shehe au mwinjilisti aliyepatanisha koo, mzee aliyesimamia ndiva na zamu za maji bila kupendelea shamba la mwanawe. Mwaka huu tumekwenda mbali, hadi Ubelgiji na Ufaransa, na tumerudi na mpiga gitaa ambaye hakupata kusikia jina la milima yetu. Tunajua wapo watakaonung'unika. Tunaomba wasome kwanza.

Sababu iko kwenye jalada. Harambee ya mwaka huu ni ya kumalizia chumba cha mazoezi ya viungo katika kituo chetu cha afya, na katika vikao vya matawi swali lililorudi mara nyingi ni hili: kwa nini chumba cha mazoezi wakati hata maabara haijakamilika? Mkono uliokufa si umeshakufa? Badala ya kujibu kwa hotuba, tumeona bora tusimulie habari za mtu ambaye mkono wake ulihesabiwa umekufa akiwa na miaka 18.

Jina lake la kwenye makaratasi lilikuwa Jean Reinhardt. Nyumbani waliitana kwa majina mengine, naye akaitwa Django, na ndilo lililobaki. Alizaliwa tarehe 23 Januari 1910 katika kijiji cha Liberchies, Ubelgiji, ndani ya karavani, yaani nyumba ya mbao juu ya magurudumu. Watu wake walikuwa Wamanouche, tawi la Waroma, jamii ambayo kwa mamia ya miaka imezunguka Ulaya ikiishi kwa biashara ndogo, farasi, ufundi na muziki, na kila mji ikapokewa kwa mashaka. Baba aliiacha familia watoto wakiwa wadogo. Mama yake, Laurence, ndiye aliyewalea Django na mdogo wake Joseph, na hatimaye karavani yao ikatulia pembezoni mwa jiji la Paris, kwenye eneo la nje ya ngome za zamani ambako maskini walijenga vibanda vya mabati na mbao. Wenzetu wanaoishi mabondeni Dar es Salaam hawahitaji maelezo zaidi.

Shule hakusoma. Alikua bila kujua kusoma wala kuandika, na noti za muziki hakuzijua hadi anaingia kaburini. Ila alipofika miaka 12 hivi alipata banjo yenye nyuzi zilizofungwa kama za gitaa, akajifunza kwa kutazama vidole vya wakubwa. Hakupita mwaka au miwili akawa analipwa. Paris ya wakati ule ilikuwa na kumbi ndogo za dansi ambamo akordioni ndiyo ilikuwa mfalme, na kila mpiga akordioni alihitaji mtu wa kumshikia mwendo nyuma yake. Kijana wa miaka 13 akawa mtu huyo. Mwaka 1928 aliingia studio kwa mara ya kwanza, akimsindikiza mpiga akordioni Jean Vaissade, na kwenye sahani ya santuri jina lake likachapwa Jiango Renard. Aliyeandika alisikia vibaya, na mwenye jina hakuweza kumsahihisha.

Mwaka huohuo mambo yalimfungukia. Jack Hylton, kiongozi wa bendi kubwa kabisa Uingereza wakati huo, alikwenda Paris kumsikiliza na akampa nafasi katika bendi yake. Kwa kijana wa karavani ilikuwa sawa na kijana wetu wa kushusha tangawizi kwa bodaboda kupata kazi ya mshahara bandarini. Alikuwa ameoa pia. Mkewe, Bella, alitengeneza maua ya bandia kwa karatasi na seluloidi na kuyauza. Seluloidi ni ile plastiki ya zamani iliyotumika kwenye filamu za sinema. Inashika moto haraka kuliko majani makavu ya mgomba.

Usiku mmoja wa mwishoni mwa mwaka 1928 Django alirudi kutoka kupiga muziki ukumbini, akaingia karavani yao pale Saint-Ouen, kaskazini mwa Paris. Ndani kulikuwa kumejaa maua ya Bella na mwanga wao ulikuwa mshumaa. Mshumaa ukaangukia maua. Kwa muda mfupi sana karavani nzima ikawa moto. Alinyakua blanketi kwa mkono wa kushoto, akajikinga nalo, na wote wawili wakafanikiwa kutoka wakiwa hai. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeungua vibaya, na mkono ule ulioshika blanketi, wa kushoto, ulikuwa umeungua kiganja na nyuma ya kiganja.

Kwa mpiga gitaa mkono wa kushoto ndio unaozungumza. Wa kulia hupiga nyuzi, lakini ni vidole vinne vya kushoto vinavyobonyeza nyuzi kwenye shingo ya gitaa na kuamua sauti gani itoke. Fundi aliyefundishwa vizuri hutumia vyote vinne kwa zamu, kama mshonaji anavyotumia vidole vyake bila kuviangalia.

Hospitalini madaktari walitaka kuukata mguu. Alikataa. Ndugu zake wakamhamisha, akapelekwa kwingine kutibiwa, na mguu ukapona kiasi kwamba baada ya muda aliweza kutembea kwa fimbo, kisha bila fimbo. Hatulisimulii hili ili mtu yeyote akaidi ushauri wa daktari. Kuna miguu iliyooza na wenyewe wakafa kwa kukataa kukatwa, na kwetu tumewazika wa namna hiyo. Yeye alipata mahali pengine pa kutibiwa, na hiyo ndiyo tofauti.

Mkono ulikuwa na hesabu nyingine. Ngozi iliyoungua sana inapopona hutengeneza kovu, na kovu hujivuta. Linavuta kidole kuelekea kiganjani taratibu, wiki baada ya wiki, hata mgonjwa akiwa amelala. Chini ya ngozi, kano, zile kamba zinazounganisha misuli na mifupa ya vidole, nazo husinyaa na kugandamana na vilivyo jirani. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vya Django vilijikunja hivyo na havikunyooka tena. Vilibaki vimepinda, havina nguvu, havitii amri. Kidole cha shahada na cha kati ndivyo vilivyopona. Waliomtibu hawakutegemea kwamba angepiga gitaa tena, na kwa kuangalia mkono ule hatuwezi kuwalaumu.

Nafasi ya Jack Hylton ilipotea. Kwa muda wa kama miezi 18 Django hakuwa na kazi wala kipato. Hapa tunaomba tusimame, kwa sababu wasimulizi wengi hupita haraka ili wafike kwenye umaarufu. Sisi ambao kazi yetu ni vitabu vya mapato na matumizi hatuwezi kupita. Mtu asiyefanya kazi miezi 18 analishwa na mtu. Analala mahali fulani, dawa zake zinalipiwa, kuna anayemsogezea maji na kumbadilishia bandeji. Mama alikuwapo. Ndugu walikuwapo, wale wa kwenye karavani ambao jiji lote liliwaita wezi. Na mdogo wake Joseph alifanya jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote katika maisha haya: alimletea gitaa.

Fikirini mlangoni mwa wodi, kijana wa miaka 16 anamletea kaka yake mwenye mkono uliofungwa chombo ambacho kila mtu amesema hatakipiga tena. Kwetu wengi wangemwona hana adabu, anamkumbusha mgonjwa msiba wake. Sisi hupenda kuficha. Jembe la aliyeumia linawekwa kwenye dari, cherehani inauzwa, na mgonjwa anaambiwa apumzike. Anapumzika mwaka, anapumzika miaka miwili, na mkono unapumzika naye mpaka unakuwa kijiti.

Django hakupumzika. Akiwa kitandani alianza upya, na si kwa kutafuta njia ya kuvirudisha vidole vilivyokwenda. Alikwisha kuona kwamba havirudi. Alianza kutafuta namna ya kupiga gitaa kwa vidole viwili. Zile njia za kupita kwenye nyuzi alizozijua tangu utoto, za vidole vinne, zote zilikuwa hazimfai tena. Ilibidi atafute nyingine. Fundi wa vidole vinne hukaa mahali pamoja kwenye shingo ya gitaa na kuacha vidole vitawanyike kwenye nyuzi. Yeye akajifunza kuuhamisha mkono mzima juu na chini ya shingo, kwa kasi, vidole viwili vikikimbia kama mtu anayeshuka mlima kwa kuruka jiwe hadi jiwe. Na vile viwili vilivyopinda hakuvitupa. Havikuweza kutembea, lakini vilivyokuwa vimekunjwa kama ndoano viliweza kukaa juu ya nyuzi mbili za chini kabisa, zile nyembamba, wakati wa kupiga nyuzi kadhaa kwa pamoja. Basi akavipa kazi hiyo.

Tunasema hivi wazi kwa sababu neno kupona linatudanganya. Django hakupona kwa maana ya kurudi alivyokuwa. Picha zake za baadaye zinaonyesha mkono uleule, vidole viwili vimekunjamana pembeni. Aliyevutiwa na ufundi wake akimtazama kwa karibu alikuwa akitazama mkono wa mlemavu.

Tuseme sasa habari za kwetu, kisha tutarudi Paris.

Mikono inayoletwa kwenye kituo chetu inaumia kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kama ya Django: moto. Mtoto anaangukia mafiga, kibatari kinapinduka, sufuria ya uji inamwagika, mwenye kifafa anaanguka jikoni. Kidonda kinapona, mama anashukuru Mungu, na hakuna aliyemwambia kwamba kupona kwa ngozi ndio mwanzo wa kujivuta kwa kovu. Mkono wa mtoto ulipaswa kufungwa banzi usiku, vidole vikiwa vimenyooshwa, na mchana kunyooshwa taratibu mara kadhaa, kwa miezi. Hilo halihitaji mashine. Linahitaji mtu anayejua na anayemwona mtoto mara kwa mara. Tumeona kwenye shule zetu watoto wanaoandika kwa mkono uliofungana kama ngumi.

Ya pili haikuwapo enzi za wazazi wetu kwa wingi huu. Ni bodaboda. Kijana anashuka barabara ya mlimani amebeba gunia, anakosa kona, anatua kwa bega na kichwa. Mfupa unaweza usivunjike hata mmoja. Lakini kichwa kimesukumwa upande huu na bega upande ule, na lile fungu la neva linalotoka shingoni, likapita chini ya mtulinga kwenda mkononi, limevutwa kama kamba ya kuvutia jahazi. Mkono unaning'inia. Hauna hisia au una maumivu kama ya moto. Anapelekwa kwa fundi wa kuunga mifupa, naye anakandwa na kufungwa vizuri, lakini hakuna mfupa wa kuunga.

Neva iliyovutwa bila kukatika inaweza kurudi. Iliyojeruhiwa zaidi huota upya kutoka juu kwenda chini, kwa mwendo wa kama milimita moja kwa siku. Pigeni hesabu: kutoka shingoni hadi kwenye vidole ni kama sentimita 70 kwa mtu mzima, kwa hiyo ni kama siku 700, karibu miaka miwili. Katika siku hizo zote mkono hauna wa kuuchezesha isipokuwa mkono wa pili au mkono wa ndugu. Usipochezeshwa, bega linaganda, kiwiko kinaganda, vidole vinakakamaa, na hata neva ikifika inakuta mlango umefungwa. Na ile iliyong'oka kabisa kwenye uti wa mgongo haioti yenyewe. Hiyo ni kazi ya daktari bingwa wa upasuaji, na faida yake ni kubwa zaidi ikifanyika ndani ya miezi michache ya mwanzo. Baada ya mwaka, misuli iliyokaa bila neva imekwisha kunyauka kiasi kwamba upasuaji una kidogo cha kuokoa. Kwa hiyo mtaalamu wa mazoezi katika kituo cha kata ana kazi mbili: kuweka viungo hai, na kumtambua mapema yule anayepaswa kushuka mjini sasa hivi na si baada ya mavuno.

Kwa sasa anayehitaji mazoezi anashuka mjini na kupanda tena. Akiambiwa aje mara tatu kwa wiki, nauli inamshinda mwezi wa kwanza. Ndipo jembe linapopanda darini.

Turudi Paris. Mwaka 1930 Django alikuwa anapiga tena, mitaani na kwenye mikahawa, na kofia inazungushwa. Mwaka 1931, akiwa Toulon kusini mwa Ufaransa, msanii mmoja aitwaye Émile Savitry alimkaribisha nyumbani kwake na kumwekea santuri za Marekani, zikiwamo za Louis Armstrong. Huo ulikuwa muziki wa jazi. Kijana aliyelelewa na akordioni akaupenda moja kwa moja, na tunadhani, ingawa hili ni wazo letu tu, kwamba ulimfaa pia kwa sababu ya mkono. Jazi haikuwa na mwalimu Ulaya wa kumwambia kwamba vidole vinapaswa kupita huku na si kule.

Mwaka 1934, nyuma ya jukwaa la hoteli ya Claridge jijini Paris, alizoea kupiga wakati wa mapumziko pamoja na mpiga fidla Stéphane Grappelli. Joseph akaongezeka na gitaa lake, Roger Chaput akaongezeka na jingine, na Louis Vola akawa na besi. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa kundi la Quintette du Hot Club de France: magitaa matatu, fidla na besi, bila ngoma wala tarumbeta. Mwishoni mwa mwaka huo walirekodi, na miaka mitatu baadaye wakarekodi wimbo wake na Grappelli uitwao Minor Swing, ambao hadi leo kila mwanafunzi wa gitaa la namna ile huanza nao. Mpaka wakati huo jazi ilikuwa ikitoka Marekani kwenda Ulaya. Huyu alikuwa wa kwanza miongoni mwa Wazungu kuwafanya Wamarekani wageuke kusikiliza.

Sisi ambao wazazi wetu walituimbia solo za Mbaraka Mwinshehe kwa midomo, tunaona urahisi kuelewa. Gitaa ambalo halisindikizi mtu, gitaa lililo mbele na lenye la kusema, halikuwa jambo la kawaida kabla ya watu wa kizazi cha Django. Gitaa lilikuwa la kushika mwendo tu. Na aliyelitoa nyuma na kulileta mbele alikuwa na vidole viwili.

Hakuwa malaika. Wenzake waliteseka naye. Alikodiwa asitokee, akionekana amekwenda kuvua samaki au kucheza biliadi. Fedha aliyoipata Jumamosi ilikuwa imekwisha Jumatatu, kwa kamari na kwa kuwapa jamaa. Yeye na Bella walikuwa wameachana, na baadaye akamwoa Naguine, akazaa naye Babik, ambaye naye alikuja kuwa mpiga gitaa. Grappelli ndiye aliyemsaidia kujifunza kuandika jina lake. Kwenye kamati yetu asingefaa kuwa mweka hazina.

Vita vilipoanza Septemba 1939 kundi lilikuwa London. Grappelli alibaki Uingereza. Django alirudi Ufaransa, ambayo mwaka uliofuata iliingia mikononi mwa Wajerumani. Utawala wa Hitler uliwaua Waroma kwa mamia ya maelfu, na yeye alikuwa Mroma ambaye uso wake ulikuwa kwenye mabango ya kumbi za Paris. Umaarufu ndio uliomlinda, maana hata maofisa wa Kijerumani walipenda kumsikiliza. Mwaka 1940 alirekodi wimbo wa polepole aliouita Nuages, yaani mawingu, na Wafaransa waliokuwa chini ya uvamizi wakaupokea kama wimbo wao. Mwaka 1943 alijaribu kuvuka mpaka kwenda Uswisi. Akashindwa, akarudi Paris, akaendelea kupiga hadi vita vikaisha.

Mwaka 1946 Duke Ellington alimwalika Marekani kuzunguka na bendi yake. Alikwenda bila gitaa, akitumaini kwamba watengenezaji wa huko wangegombania kumpa. Hawakugombania. Ilibidi atafutiwe gitaa la umeme, chombo ambacho hakukizoea, na akapiga nalo kuanzia Cleveland hadi ukumbi wa Carnegie jijini New York, ambako usiku wa pili alichelewa na hadhira ikangoja. Aliondoka Marekani mapema mwaka 1947 bila kuwa amepata alichokitarajia. Ila hilo gitaa la umeme alirudi nalo moyoni, na rekodi zake za mwisho zinaonyesha alikuwa ameanza kulifuga.

Mwaka 1951 alihamia kijiji cha Samois, kando ya mto Seine, akawa anavua samaki na kuchora picha. Tarehe 16 Mei 1953, siku ya Jumamosi, alikuwa akitembea kurudi nyumbani kutoka kituo cha treni cha Avon alipoanguka. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kichwani. Daktari alichelewa kupatikana, na alipofikishwa hospitali ya Fontainebleau hakukuwa na la kufanya. Alikuwa na miaka 43. Kila mwaka wapiga gitaa huenda Samois kumkumbuka, na wengi wao wana vidole vyao vyote vinne na bado hawamfikii.

Mwaka 1965, miaka 12 baada ya kifo chake, kijana wa Birmingham, Uingereza, aitwaye Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda, siku aliyokuwa akimaliza kazi hapo ili aende kupiga muziki. Msimamizi wake wa kiwandani alimletea santuri, akamwambia asikilize, na alipokwisha kusikiliza akamweleza kwamba aliyepiga vile alikuwa na vidole viwili tu. Iommi alijitengenezea vifuniko vya plastiki vya vidole, akalegeza nyuzi zake ili zisiume, na sauti nzito iliyotokana na hayo ikawa mwanzo wa bendi ya Black Sabbath. Muziki huo wengi wetu hatuupendi. Msimamizi yule tunampenda.

Sasa jengo. Kwa msaragambo wa mwaka jana kuta zimefika usawa wa renta, mawe na mchanga vyote vikiwa nguvu za wananchi, na akina mama wa vitongoji vya juu ndio waliosomba maji ya zege. Kinachotafutwa sasa ni paa, sakafu isiyoteleza, mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu, kitanda cha mazoezi, vyuma viwili vya kushikilia wakati wa kujifunza kutembea, na vifaa vya kutengenezea mabanzi. Vya mkono ni rahisi kuliko vyote: mipira, kamba, udongo wa kufinyanga, meza. Mchanganuo wa gharama, kitu kwa kitu, uko ukurasa wa kumi na mbili, na umekaguliwa na wajumbe wawili wasio wa kamati ya ujenzi. Wenye mbao, mabati au saruji wanaweza kutoa hivyo badala ya fedha. Vitathminiwa kwa bei ya dukani na kuandikiwa risiti.

Kuna pia ombi dogo lisilo kwenye mchanganuo. Fundi seremala mmoja wa kwetu, ambaye mkono wake wa kulia ulining'inia tangu ajali ya mwaka juzi, ameanza kupiga randa kwa mkono wa kushoto, akibana ubao kwa goti. Anatafuta jiliwa ya kubania mbao, hata iliyotumika. Mwenye nayo aikabidhi kwa katibu wa tawi lake, au aje nayo siku ya harambee.